Kutoka Ombi Hadi Sheria: Mwongozo Kamili wa Kuongeza Sikukuu Mpya katika Jimbo la Washington

Wasomaji wengi wamenieleza kisa kilekile. Jumuiya yao, iwe ya Kent, Tukwila au Tacoma, imemwandikia gavana wa Washington ikiomba siku yake itambuliwe na jimbo. Gavana amejibu kwa tangazo zuri lenye muhuri. Tangazo limetiwa fremu na kutundikwa ukumbini. Na mwaka uliofuata hapakuwa na chochote kilichobadilika, si katika kalenda ya jimbo wala kazini.

Chanzo cha kosa hilo kinaeleweka. Wengi wetu tumekulia katika nchi ambako sikukuu hutangazwa na mtu mmoja. Nchini Kenya, kwa mfano, waziri anayehusika na mambo ya ndani huitangaza Idi el-Haji katika Gazeti Rasmi la Serikali, na siku ikifika ofisi za umma hufungwa. Tumeihamisha desturi hiyo Marekani bila kuichunguza. Tangazo la gavana la kuisifu siku fulani ni heshima ya mwaka huo tu, na halibadilishi hata neno moja la sheria. Orodha ya kudumu ya sikukuu za Washington imo katika kifungu kimoja cha mkusanyiko wa sheria za jimbo, uitwao RCW kwa kifupi, yaani RCW 1.16.050, na anayetaka siku yake iingie humo lazima apite Bungeni, mjini Olympia.

Mwongozo huu unaifuata njia hiyo hatua kwa hatua. Mfano nitakaoutumia ni Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Nimeuchagua kwa sababu ni siku yetu sote, Waislamu na Wakristo, Wakongo, Wakenya, Watanzania na Warundi, na kwa sababu matatizo yake ni mazuri ya kujifunzia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Kusanyeni vitu vifuatavyo kabla ya kumpigia simu mbunge yeyote. Kukosekana kwa kimoja tu kumewahi kugharimu jumuiya mwaka mzima.

- Jina moja la siku na tarehe moja, vilivyokubaliwa na viongozi wote wa jumuiya kwa maandishi.
- Majina ya wabunge wenu. Jimbo lina wilaya 49 za uchaguzi, na kila wilaya ina seneta mmoja na wawakilishi wawili, kwa hiyo kila mkazi ana wabunge watatu. Tovuti ya Bunge huwaonyesha mkiandika anwani ya nyumbani.
- Nakala ya kifungu RCW 1.16.050 kama kilivyo leo, na nakala ya kifungu RCW 28A.150.050, ambacho kina orodha yake yenyewe ya siku ambazo shule za umma hazifundishi.
- Maelezo ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, yanayosema mnaomba nini, kwa ajili ya nani, na kitagharimu nini.
- Watu watano hadi saba walio tayari kutoa ushahidi mbele ya kamati, wakitoka katika wilaya tofauti za uchaguzi.
- Daftari la kuandika kila mazungumzo: tarehe, jina la mliyezungumza naye, na alichoahidi.
- Uvumilivu wa miaka miwili. Huo ndio urefu wa muhula mmoja wa Bunge, na ndio urefu wa kawaida wa safari hii.

Uraia haumo katika orodha hii. Mkazi yeyote anaweza kumwandikia mbunge na kutoa ushahidi mbele ya kamati, awe raia, awe na kibali cha kudumu, awe mkimbizi aliyefika mwaka jana. Wazee wetu wengi wamekaa kimya kwa kudhani kwamba hawaruhusiwi kusema.

## Hatua ya 1: Chagueni daraja la siku mnayoiomba

Hapa ndipo maombi mengi hufia, ingawa waombaji huja kulitambua hilo baadaye sana. Kifungu RCW 1.16.050 kina orodha mbili, na tofauti kati yake ni kubwa.

Orodha ya kwanza ni ya sikukuu za kisheria: tarehe 1 Januari, siku ya Martin Luther King, tarehe 19 Juni, tarehe 4 Julai, Krismasi na nyinginezo chache. Katika siku hizo ofisi za jimbo hufungwa na watumishi wa umma hulipwa bila kufanya kazi. Wale ambao hawawezi kuacha zamu, kama walinzi wa magereza na wauguzi wa hospitali za jimbo, ni lazima wafidiwe. Kwa sababu hiyo kila siku inayoongezwa katika orodha hii ina bei, na bei hiyo hulipwa kila mwaka.

Orodha ya pili ni ya siku zinazotambuliwa. Kifungu chenyewe kinasema wazi kwamba hizo si sikukuu za kisheria kwa jambo lolote. Ofisi hubaki wazi na mishahara haibadiliki, lakini siku imeandikwa katika sheria, inabaki humo mwaka baada ya mwaka, na mwalimu, meya au mkuu wa idara anayetaka kuiadhimisha ana msingi wa kusimamia.

Ushauri wangu ni kwamba jumuiya inayoanza iombe orodha ya pili. Najua ushauri huu huwaudhi watu wanaoona kwamba siku yao inastahili heshima kamili, na sisemi kwamba haistahili. Nasema tu kwamba mlango wa kwanza umefungika kwa fedha, na wa pili umekwisha kufunguliwa na wengine. Siku ya Juneteenth, ya kukumbuka mwisho wa utumwa, iliingia katika orodha ya siku zinazotambuliwa mwaka 2007. Ilipandishwa kuwa sikukuu ya kisheria kwa mswada HB 1016 (HB ni mswada ulioanzia Baraza la Wawakilishi) wa mwaka 2021, na ikaanza kuadhimishwa hivyo mwaka 2022. Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, unaoadhimishwa na jamii nyingi za Asia, ulitambuliwa kwa mswada HB 2209 wa mwaka 2024. Idi el-Fitri na Idi el-Haji zilitambuliwa kwa mswada SB 5106 (SB ni mswada ulioanzia Seneti) wa mwaka 2025, uliodhaminiwa na Seneta Yasmin Trudeau na kutiwa saini na Gavana Bob Ferguson. Nazo pia ni siku zisizo na malipo.

Waelezeni wanajumuiya mapema jambo ambalo hata sikukuu ya kisheria haiwezi kulifanya. Sheria ya jimbo haimlazimishi mwajiri binafsi kufunga biashara wala kulipa mshahara wa siku ya sikukuu. Anayefanya kazi katika ghala, hoteli au nyumba ya kutunzia wazee hatapata mapumziko kwa mswada huu peke yake. Kwa upande mwingine, kuna haki mbili ambazo zipo tayari tangu mwaka 2014 na ambazo watu wetu wengi hawazitumii: mtumishi wa jimbo, kaunti, mji au wilaya ya shule anaweza kuchukua siku mbili kwa mwaka bila malipo kwa sababu za imani au dhamiri, na mwanafunzi wa shule ya umma anaweza kukosa masomo hadi siku mbili kwa mwaka kwa sababu hizohizo, kwa idhini ya mzazi, bila kuhesabiwa mtoro.

Tahadhari. Msichapishe vipeperushi vinavyoahidi mapumziko yenye malipo huku mswada ukiomba utambuzi. Mswada ukipita, watu watajiona wamedanganywa, na mtakapowaita tena hawatakuja.

Mafanikio ya hatua hii ni azimio la jumuiya, lililoandikwa na kutiwa saini, linalotaja daraja moja tu.

## Hatua ya 2: Funga tarehe

Tarehe thabiti ni rahisi kuandika: 7 Julai ni 7 Julai kila mwaka. Siku inayofuata mwezi mwandamo inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sheria haiwezi kusubiri habari za kuonekana kwa mwezi kutoka Mombasa au Makka. Kubalianeni mapema ni maneno gani yataitambulisha siku bila kuibua mgogoro kati ya misikiti inayofuata hesabu na ile inayofuata kuonekana kwa mwezi. Mgogoro huo ukizuka mbele ya kamati, kamati itauweka mswada pembeni.

Kama mnaomba sikukuu ya kisheria, kumbukeni pia kanuni ya mwisho wa wiki: sikukuu ikiangukia Jumamosi huadhimishwa Ijumaa iliyotangulia, na ikiangukia Jumapili huadhimishwa Jumatatu inayofuata.

Siku ya Kiswahili inaonyesha tatizo jingine. Iko siku tatu tu baada ya tarehe 4 Julai. Ni vigumu Bunge likubali kufunga ofisi mara mbili ndani ya siku chache hivyo, na hii ni sababu nyingine ya kuiombea orodha ya pili, ambako ujirani wa tarehe haudhuru chochote.

## Hatua ya 3: Andikeni rasimu yenu

Rasimu rasmi itaandikwa na ofisi ya wanasheria wa Bunge wanaotunza mkusanyiko wa sheria, na ofisi hiyo haipokei maagizo kutoka kwa wananchi. Hata hivyo, mbunge akipewa rasimu hupata kazi iliyokwisha kuanzwa, na asiyepewa hubaki na wazo tu.

Katiba ya Washington, Ibara ya 2, ina masharti mawili yanayowahusu. Sehemu ya 37 inataka kifungu kinachorekebishwa kinakiliwe chote ndani ya mswada, si kutajwa kwa namba tu. Kwa hiyo chukueni nakala ya RCW 1.16.050, iandikeni yote, kisha ongezeni sentensi yenu mahali pake na kuipigia mstari chini. Maneno yanayoondolewa, kama yapo, huwekwa ndani ya mabano mawili na kukatwa kwa mstari. Sehemu ya 19 inataka mswada uwe na jambo moja tu, lililotajwa katika kichwa chake. Msichanganye ombi la siku na ombi la fedha za kufundisha Kiswahili shuleni, hata kama yote mawili ni ya haki. Jambo la pili linahitaji mswada wake.

Sentensi yenyewe iwe fupi. Kwa mfano wetu, maana yake ni hii: "Tarehe saba ya mwezi wa Julai itatambuliwa kuwa Siku ya Kiswahili Duniani." Haihitaji zaidi ya hapo. Nimeona rasimu zilizojaa sifa za lugha, majina ya mashujaa na mashairi. Yote hayo mahali pake ni katika ushahidi, si katika sheria. Kama mnataka shule zifungwe, lazima rasimu iguse pia RCW 28A.150.050, maana kuongeza siku katika orodha moja hakuiongezi katika nyingine.

Jumuiya inayoomba siku ya kidini izingatie jambo la ziada. Katiba ya Marekani inakataza serikali kuisimika dini, na mahakama huitazama sababu iliyotolewa. Mwaka 1995, katika kesi ya Metzl dhidi ya Leininger, mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoko Chicago ilibatilisha sheria ya Illinois iliyofunga shule za umma siku ya Ijumaa Kuu. Mwaka 1991, katika kesi ya Cammack dhidi ya Waihee, mahakama ya rufaa ambayo mamlaka yake yanaifikia Washington ilikuwa imeikubali Ijumaa Kuu kuwa sikukuu ya jimbo la Hawaii. Somo ni kwamba maelezo ya mswada yazungumzie wakazi na ustawi wao: wafanyakazi wanaolazimika kuchagua kati ya zamu na familia, watoto wanaokosa mitihani, jamii inayotaka kuonekana. Yasizungumzie ukweli wa imani.

Mafanikio ya hatua hii ni rasimu ambayo mtu asiyeijua jumuiya yenu anaweza kuisoma kwa dakika tano na kuieleza kwa usahihi.

## Hatua ya 4: Mpateni mdhamini kwa wakati

Bunge hufunguliwa Jumatatu ya pili ya Januari. Katika miaka ya witiri hukaa kwa siku 105, na katika miaka ya shufwa kwa siku 60. Miswada huanza kupokelewa kabla ya ufunguzi, kuanzia Jumatatu ya kwanza ya Desemba. Mkimfikia mbunge mwezi wa Februari mkiwa na wazo zuri, atawasikiliza kwa heshima na kuwaambia mrudi mwakani.

Ombeni mkutano wa kwanza mwezi wa Septemba au Oktoba. Mwaka wa shufwa ni mwaka wa uchaguzi, na huenda mbunge akawa kwenye kampeni. Hapo subirini kura za Novemba zihesabiwe, kisha mwombeni wiki hiyohiyo. Mwaka bora wa kuwasilisha mswada ni ule wa witiri, kwa sababu mswada usiopita mwaka huo hubaki hai hadi kikao cha mwaka unaofuata. Anayewasilisha mswada katika kikao cha mwaka wa shufwa ana siku 60 tu, na kikao cha mwisho cha muhula kikifungwa mswada wake umekufa.

Kuhusu nani wa kumwendea, anzeni na mbunge wa wilaya yenu wenyewe, kwa sababu mpiga kura wake hawezi kupuuzwa kirahisi. Lakini tazameni pia ni nani anayeketi katika kamati inayoshughulikia masuala ya serikali ya jimbo, kwani miswada ya sikukuu hupelekwa huko katika mabaraza yote mawili. Mdhamini aliye ndani ya kamati hiyo ana uzito kuliko rafiki mwema aliye nje yake. Mwombeni kila mdhamini awatafute wenzake wa chama kingine watie saini pamoja naye, na mwombeni seneta na mwakilishi wawasilishe miswada pacha, mmoja katika kila baraza, ili mmoja ukikwama mwingine uendelee.

Mkutano wenyewe huwa wa dakika kumi na tano, mara nyingi na msaidizi wa mbunge. Msimdharau msaidizi huyo hata akiwa kijana wa umri wa wajukuu zenu. Ndiye anayepanga ratiba na ndiye atakayekumbuka majina yenu. Nendeni watu watatu. Mmoja aeleze ombi kwa sentensi mbili, wa pili aeleze maisha yake, wa tatu aulize swali la moja kwa moja: je, mheshimiwa atakuwa mdhamini mkuu wa mswada huu? Wazee wetu hupenda kuzunguka kwanza kwa salamu na habari za watoto, na adabu hiyo ni njema, lakini hapa dakika kumi huisha kabla ombi halijasemwa.

Tahadhari. Misikiti, makanisa na vyama vya hisani vyenye msamaha wa kodi ya shirikisho vinaruhusiwa kutetea mswada kwa kiasi, lakini msichanganye kazi hii na kumpigia debe mgombea. Na kama mtatumia fedha kuendesha kampeni ya hadhara ya mswada, ulizeni kwanza katika tume ya jimbo ya uwazi wa fedha za siasa, PDC, kama mnatakiwa kujisajili.

Mafanikio ya hatua hii ni namba. Mswada wenye namba, yenye herufi HB au SB mbele yake, upo. Ahadi ya mdomo haipo, hata ikitolewa kwa tabasamu na picha ya pamoja.

## Hatua ya 5: Ijueni bei kabla ya wapinzani kuitaja

Mswada unaogusa fedha hufanyiwa tathmini ya gharama inayoratibiwa na ofisi ya fedha ya jimbo, OFM. Kila idara huulizwa itagharimika kiasi gani. Tathmini ikionyesha gharama, mswada hupelekwa kwenye kamati ya pili, ile ya bajeti, na huko hushindana na hospitali, barabara na shule.

Isomeni tathmini siku inapotoka. Iko wazi kwa umma katika ukurasa wa mswada. Kama mmeomba utambuzi tu na bado idara fulani imeandika gharama, mwambieni mdhamini mara moja, kwa sababu mara nyingi idara imeusoma vibaya mswada.

## Hatua ya 6: Kamati na ushahidi

Mwenyekiti wa kamati ndiye anayeamua mswada upi usikilizwe. Mswada usiopangiwa siku hauhesabiwi kuwa umekataliwa. Umesahauliwa tu, na matokeo ni yaleyale. Kwa hiyo, mara mswada unapopata namba, wanajumuiya wanaoishi katika wilaya ya mwenyekiti wamwandikie kwa adabu, kila mmoja kwa maneno yake, wakiomba usikilizwe. Barua 20 tofauti zina nguvu kuliko barua moja iliyonakiliwa mara 200. Asiyetaka kuandika anaweza kupiga simu ya bure ya Bunge, 1-800-562-6000, na ujumbe wake utafikishwa kwa wabunge wake watatu.

Siku ikishapangwa, taarifa hutolewa siku chache tu kabla. Jisajilini kupitia tovuti ya Bunge. Mtu anaweza kusema ana kwa ana Olympia au kwa Zoom kutoka nyumbani, na usajili hufungwa saa moja kabla ya kikao kuanza. Anayechelewa kwa dakika moja hafunguliwi, na hili limewaliza wengi, hasa wale wanaodhani muda wa kikao ndio muda wa kujisajili. Ushahidi wa maandishi hupokelewa hadi saa 24 baada ya kikao kuanza.

Kuna pia njia ya tatu, nayo ndiyo inayopuuzwa kuliko zote: kuandikisha msimamo bila kusema. Mtu huchagua neno "Pro" ikiwa anaunga mkono, na jina lake huingia katika kumbukumbu. Wabunge huangalia hesabu hiyo. Watu sita wakisema na wengine 300 wakiandikisha msimamo, kamati inaona jamii nzima. Waonyesheni watu namna ya kufanya hivyo siku ya Ijumaa au Jumapili, mkiwa na simu mkononi, kwa sababu maelezo ya mdomo peke yake hayatoshi.

Kila msemaji hupewa dakika moja au mbili. Gaweni mambo: mwalimu aseme la shule, muuguzi la zamu, kijana aliyezaliwa hapa aseme la lugha ya bibi yake, mfanyabiashara aseme la wateja. Msemaji aanze na jina lake, mji anaoishi na msimamo wake, kisha hadithi moja ya kweli, kisha ombi. Fanyeni mazoezi kwa saa ya mkononi. Anayehitaji mkalimani aombe mapema kwa wafanyakazi wa kamati, asingoje asubuhi ya kikao.

Mtu akiuliza kwa nini siku hii na si ya jamii nyingine, msijibu kwa kulinganisha mateso wala idadi. Jibuni kwamba mtafurahi kuiunga mkono siku ya jamii hiyo pia, na mmaanishe. Jamii zilizotangulia ndizo watetezi wenu wa kwanza mkizitafuta kwa heshima, na wao wanawajua wabunge ambao nyinyi hamjawajua.

Mafanikio ya hatua hii hayako kwenye kikao cha ushahidi, hata kikiwa kizuri namna gani. Yako kwenye kikao cha maamuzi, ambacho huja siku kadhaa baadaye na ambako kamati hupiga kura kuupitisha mswada. Fuatilieni hicho.

## Hatua ya 7: Kamati ya Kanuni, kura na baraza la pili

Mswada uliotoka kamatini huingia katika Kamati ya Kanuni ya baraza lake. Kwa Seneti, kamati hiyo huongozwa na naibu gavana. Kwa Baraza la Wawakilishi, na spika. Kazi yake ni kuchagua miswada itakayofikishwa ukumbini, na miswada mingi hulala humo mpaka mwisho. Mjumbe wa kamati huweza kuuchomoa mswada mmojammoja anaoupenda, kwa hiyo kazi yenu ya wiki hiyo ni kumpata mjumbe mmoja. Itafuteni orodha ya wajumbe, linganisheni na wilaya za wanajumuiya wenu, na mwagizeni mwenye mbunge huyo aandike siku hiyohiyo.

Bunge huweka tarehe za ukomo: mswada usiotoka kamatini kwa tarehe fulani, au katika baraza lake kwa tarehe nyingine, umesimama. Ziandikeni tarehe hizo ukutani tangu Januari.

Ukumbini zinahitajika kura za wengi wa wabunge wote waliochaguliwa, si wa waliohudhuria: 25 kati ya 49 katika Seneti, 50 kati ya 98 katika Baraza la Wawakilishi. Mswada ukipita huvuka kwenda baraza la pili na kuanza upya: kamati, ushahidi, Kamati ya Kanuni, kura. Hapa ndipo jumuiya nyingi huchoka, zikidhani sherehe imekwisha anza. Msiwapeleke mashahidi walewale tu na maneno yaleyale. Tunzeni watu wawili wapya kwa ajili ya raundi hii. Baraza la pili likibadilisha chochote, hata tarehe ya kuanza kutumika, lazima baraza la kwanza likubali mabadiliko hayo kabla ya mswada kwenda kwa gavana.

## Hatua ya 8: Saini ya gavana

Gavana ana siku tano za kuamua ikiwa Bunge bado linakaa, na siku 20 ikiwa limefunga, Jumapili zisihesabiwe. Anaweza kutia saini, kukataa, au kuacha muda upite, na muda ukipita mswada huwa sheria bila saini yake. Hapa ndipo barua kwa gavana ina maana. Ile ya mwanzo tuliyokuwa tukiipeleka bila mswada sasa ipelekeni ikiwa na namba ya mswada juu yake. Mdhamini anaweza kuwaombea nafasi ya kuhudhuria utiaji saini. Wapelekeni watoto.

## Hatua ya 9: Baada ya mswada kuwa sheria

Sheria ya kawaida huanza kutumika siku 90 baada ya kikao kufungwa, isipokuwa Bunge limetangaza ndani yake kwamba kuna dharura. Kwa kikao cha siku 105 kinachokwisha mwezi wa Aprili, siku 90 huangukia Julai, na kwa Siku ya Kiswahili hesabu hiyo ni ya kufanywa kwa kalenda mkononi: mwaka wa kwanza, tarehe 7 Julai inaweza kupita kabla sheria haijaanza. Msikodi ukumbi kabla ya kuihakikisha tarehe.

Kisomeni kifungu RCW 1.16.050 kikishachapishwa upya na mhakikishe jina la siku limeandikwa sawasawa. Kisha peleka nakala yake kwa wilaya ya shule, maktaba ya mji na baraza la mji mnakoishi, pamoja na barua fupi inayosema sheria imeanza lini na jumuiya iko tayari kusaidia nini. Wilaya za shule hupanga kalenda zake muda mrefu kabla ya mwaka wa masomo, na nyingi zina orodha ya siku ambazo walimu huombwa wasipange mitihani. Siku za kidini na za kitamaduni zinazoangukia muhula wa masomo huombewa nafasi katika orodha hiyo, na barua yenye namba ya kifungu cha sheria hujibiwa tofauti na barua isiyokuwa nayo.